Kiswahili Sanifu Kilitoka Jikoni

Kama ulisoma Kiswahili shuleni hapa Kenya, kuna Mzungu mmoja alikuwa darasani na wewe na pengine hakuna mwalimu aliyekutajia. Anaitwa Edward Steere. Hakuwa gavana, hakuwa mwanajeshi. Alikuwa kasisi wa kijijini, kijiji kidogo cha wakulima kinaitwa Little Steeping, kule Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Watu wa ACK wangemwita tu vika wa mashambani.

Waingereza wanapenda sana kufuata maisha ya makasisi wao wa vijijini. Wanafukua rejista za ubatizo, wanatafuta makaburi, wanaandika nani alimuoa nani na mtoto yupi alienda wapi. Mimi nilianza kumfuata Steere kwa njia hiyo hiyo, lakini ukoo wa damu ukanionyesha kidogo tu. Ukoo wake wa maneno ndio mrefu, na unafika mpaka Eastlands. Nataka tuufuate, kwa sababu ndani yake kuna jibu la swali ambalo sisi wa mitaani tunaulizwa tangu tukiwa darasa la kwanza: nani alisema Kiswahili chenu ni kibovu?

Tuanze na mtu mwenyewe. Steere alizaliwa London mwaka 1828. Akasomea sheria Chuo Kikuu cha London, akawa wakili, halafu akaachana na mahakama akaingia kanisani. Mwaka 1858 alimuoa Mary Beatrice Brown. Akapewa Little Steeping, na kama mambo yangeenda kawaida angezeeka hapo, akizika wakulima na kubatiza watoto wao, na leo hakuna mtu Nairobi angekuwa na sababu ya kumtaja.

Kilichomtoa ni rafiki. William Tozer, naye kasisi wa Lincolnshire, parokia ya Burgh-le-Marsh, aliteuliwa askofu wa misheni ya UMCA mwaka 1863. Misheni hiyo ilianzishwa baada ya David Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857 na kuwaambia vijana wa pale waje Afrika. Askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa mwaka 1862. Tozer akachukua nafasi, Steere akasema nakusindikiza. Walijaribu upande wa Zambezi, mambo yakakataa, na mwaka 1864 wakahamia Unguja. Mary Beatrice alibaki Uingereza.

Unguja ndipo ukoo mwingine unaanzia. Sultani Majid aliwapa wamisionari wavulana watano waliookolewa kutoka jahazi la watumwa. Mmoja wao aliitwa John Swedi, na mwaka 1879 alipewa ushemasi. Steere ilibidi afundishe watoto ambao lugha yao hakuijua, kwenye mji ambao lugha yake pia hakuijua. Sasa angejifunzia wapi?

Hapa ndipo namheshimu, na si mepesi wa kuheshimu wamisionari. Alijifunza kwa kusikiliza hadithi. Aliketi na watu wakamsimulia, akaandika, akauliza, akaandika tena. Baadhi ya hadithi hizo zilipigwa chapa pale pale Unguja kwa mashine ndogo ya misheni. Mwaka 1868 akarudi Little Steeping, na katika kipindi hicho vitabu viwili vikatoka London, vyote 1870: kimoja cha sarufi, A Handbook of the Swahili Language, na kingine cha hadithi, Swahili Tales. Mwaka 1872 akarudi Unguja, 1874 akawa askofu. Kanisa kuu la Mkunazini, lile limejengwa palipokuwa soko la watumwa, ni kazi yake. Alikufa mwaka 1882 na akazikwa humo ndani, nyuma ya madhabahu.

Hicho cha hadithi ndicho nataka tukisome, kwa sababu watu wengi wanakitaja na wachache wamekifungua. Hakimiliki yake iliisha kitambo, kiko mtandaoni bure, ukurasa mmoja Kiswahili, wa pili Kiingereza. Kichwa chake kinakiri kwamba hadithi zimesimuliwa na wenyeji wa Unguja. Kwenye utangulizi Steere anawataja baadhi yao. Kuna Hamisi wa Kayi, kijana anayemsifu sana kwa akili. Na kuna Masazo, aliyekuwa mpishi na mtumishi wa nyumbani wa Askofu Tozer.

Mpishi. Shika hilo neno.

Hadithi kubwa kuliko zote kwenye kitabu hiki, kwangu mimi, ni ya Sultani Darai. Inaanzia jaani. Kuna maskini anaitwa Hamdani, kazi yake ni kuchokora takataka akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni kwenye jaa. Anapita muuzaji wa paa, na badala ya kununua chakula kama mtu mwenye akili timamu, Hamdani ananunua paa mmoja mdogo. Majirani wanamcheka mpaka basi. Wewe mwenyewe huli, utamlisha nini mnyama?

Ukitaka kuisoma hadithi hii vizuri, isome ukiwa Dandora. Dampo ya Dandora imekuwa ikipokea taka za Nairobi tangu miaka ya 1970, na kila siku kuna watu wanachokora humo wakitafuta plastiki, chuma, nywele bandia, chochote chenye bei. Simulizi inayoanzia jaani haihitaji maelezo mtaani kwetu. Nimewahi kuwasimulia wasee fulani kwenye kibanda cha chai stori hii, na walipofika pale Hamdani ananunua paa, walibishana kama vile wanamjua. Mmoja alisema huyo ni mtu wa kubet. Mwingine akasema hapana, huyo alikuwa mpweke tu.

Halafu paa anaongea. Anamwambia Hamdani amwachilie akajilishe, na atarudi jioni. Anarudi kweli. Siku moja anaokota almasi, lakini haimpelekei bosi wake. Anampelekea sultani wa mji mwingine kama zawadi, na kumposea Hamdani binti wa sultani huyo. Anamdanganya kwamba bwana wake ni tajiri mkubwa, Sultani Darai. Kisha anamleta Hamdani mpaka karibu na mji, anamwogesha mtoni, anasema wameibiwa njiani na majambazi, na sultani anawaletea nguo za kifalme. Arusi inafanyika. Paa anaenda tena, anamuua nyoka mwenye vichwa saba, anampatia bwana wake nyumba na mali yote. Kila kitu Hamdani alicho nacho, jina lake jipya likiwemo, kimetoka kwa paa.

Kisha paa anaugua. Anamtuma bibi kizee akamwambie bwana. Na Hamdani, ambaye sasa ni Sultani Darai, anaagiza mgonjwa apewe uji wa mtama mbaya. Mke anamsihi. Yeye anakasirika: huyo ni mnyama tu, nilimnunua kwa thumuni. Paa anakufa kwa uchungu zaidi kuliko kwa ugonjwa, na bwana anaamuru atupwe kisimani. Baadaye Hamdani analala, anaamka, na yuko kwenye jaa lake la zamani, akichokora.

Wakosoaji wengi huishia hapo na kusema mafunzo ni shukrani. Sawa, lakini hilo ni jibu la mtihani. Nguvu ya hadithi iko kwenye mwendo wake. Msimulizi anatumia muda mwingi kwenye safari za paa, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka wewe msikilizaji unachoka naye. Ukifika kwenye ule uji wa mtama, umeshajua jasho la paa kwa miguu yako mwenyewe. Ndiyo maana unauma. Na mnyanyasaji si tajiri wa kuzaliwa, ni mtu wa jaani. Hadithi inajua kitu ambacho mtaa unajua: anayeweza kukusahau vibaya zaidi ni yule mliyechokora naye.

Sifa ya Steere hapa ni kwamba hakuigusa. Angeweza kumalizia kwa mahubiri, kazi yake ilikuwa mahubiri. Hakufanya hivyo. Pia aliziweka simulizi za watu wa kawaida kwenye kitabu kimoja na hadithi na mashairi ya Liongo, yule shujaa ambaye kila mtu wa pwani anamheshimu. Hakusema hii ni fasihi na ile ni porojo za jikoni. Mwaka 1870, kwa Mwingereza mwenye digrii za sheria, huo ulikuwa uamuzi mzito.

Lakini jalada lina jina moja tu. Mwaka 1901 Andrew Lang, bwana wa vitabu vya hadithi za watoto Uingereza, aliichukua hiyo ya paa akaitia kwenye The Violet Fairy Book. Watoto wa London wakaisoma. Chanzo kilitajwa ni kitabu, Swahili Tales. Masazo alishabaki nyuma, kisimani.

Na sasa tuufuate ukoo unavyoshuka. Baada ya Steere, mwenzake wa UMCA, A. C. Madan, akakipitia kile kitabu cha sarufi na kukirekebisha, kisha akatoa kamusi zake, moja mwaka 1894 na nyingine 1903. Mwaka 1928 wakoloni walikutana Mombasa kuamua Kiswahili gani kitumike shuleni kote Afrika Mashariki. Wakachagua Kiunguja. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi zote za eneo hili, katibu wake Frederick Johnson, na mwaka 1939 ikatoka kamusi iliyojengwa juu ya ile ya Madan. Kamusi hiyo ndiyo mama wa kamusi zilizofuata. Hapa Kenya, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima na la mtihani. Steere, Madan, Johnson, mwalimu wako. Hiyo ndiyo rejista ya ukoo.

Kuna ndugu waliopoteza kwenye urithi huo. Mombasa ilikuwa na Kimvita chake, na Johann Ludwig Krapf alikuwa amefika huko tangu 1844 na kuandika sarufi na kamusi. W. E. Taylor alikusanya mashairi ya Muyaka, mshairi ambaye ukimlinganisha na yeyote hupati aibu. Na kabla ya Wazungu hawa wote, Waswahili walikuwa wakiandika tenzi kwa herufi za Kiarabu kwa miaka mingi. Uamuzi wa 1928 ulimfanya Mmombasa anayesema "ndoo" akimaanisha "njoo" aonekane kama anakosea kwake nyumbani. Kwa hiyo sisi wa Eastlands hatukuwa wa kwanza. Tulipata tu zamu yetu.

Zamu yetu inaitwa Sheng. Ilikulia Kaloleni, Pumwani, Bahati, Jericho, mitaa ambapo watoto wa Waluo, Wakikuyu, Wakamba, Waluhya na Wanubi walikuwa wanacheza kwenye uwanja mmoja na hawakuweza kusubiri kamati iwape lugha. Kila mwaka matokeo ya mtihani yakitoka, Sheng inalaumiwa. Tunaambiwa haina sarufi, ni lugha ya machokora.

Hebu tulitazame hilo neno. Huku Nairobi chokora ni tusi, ni mtoto wa mtaani anayelala nje na kula kwenye mapipa. Lakini ukifungua kamusi kongwe, za ule ule ukoo wa Steere, utamkuta chokora na maana nyingine: msaidizi, mtoto wa jikoni, anayefanya kazi chini ya mkubwa. Yaani mtu wa daraja la Masazo. Kiswahili kinachotuita machokora kilifundishwa na watu wa jikoni. Kilitoka kwa mpishi, kwa kijana wa mjini, kwa wasimulizi ambao hawakuwahi kukaa kwenye kamati yoyote. Steere hakuleta sarufi kutoka Lincolnshire. Aliikuta kwenye midomo ya watu na kuiandika.

Ndiyo maana nasema Kiswahili sanifu ni Hamdani. Kimeoga, kimevaa nguo za sultani, kina nyumba na heshima, na kinapoletewa habari kwamba aliyekibeba ni mgonjwa, kinaagiza uji wa mtama mbaya.

Sisemi haya kama mtu wa pembeni. Naandika kwa Kiswahili ili nilipe rent. Sikumaliza chuo, kwa hiyo lugha ndiyo cheti nilicho nacho. Kuna mhariri mmoja aliwahi kunirudishia makala akiwa amefuta kila neno la mtaani, na mahali pa mama muuza mandazi ameweka maneno ambayo huyo mama hajawahi kuyatoa kinywani. Makala ikawa safi na ikawa ya uongo. Pesa nilichukua, sina unafiki. Ila nilijiuliza: huyu mhariri angekuwa Unguja mwaka 1866, Masazo angebaki na neno lolote?

Lakini sitaki tuanguke upande wa pili pia, ule wa kusema sanifu ni ukoloni mtupu, tuichome. Mtaa wetu wenyewe una jina linalokataza urahisi huo. Ukipanda mat kupitia Jogoo Road, utasikia kondakta akiita Mbotela. Mtaa huo umepewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa wa chama cha KAU aliyeuawa Nairobi mwaka 1952. Familia ya Mbotela ilitoka Freretown, Mombasa, makazi ya watumwa walioachwa huru. James Mbotela wa familia hiyo aliandika Uhuru wa Watumwa, kikachapishwa mwaka 1934. Ni kitabu cha mapema sana cha nathari ya Kiswahili kilichoandikwa na Mwafrika kuhusu utumwa, na kimeandikwa kwa herufi na lugha ya misheni. Leonard Mambo Mbotela, yule wa Je, Huu ni Ungwana?, ambaye sauti yake tulikua nayo redioni mpaka alipofariki Februari 2025, ni wa ukoo huo huo.

Uhuru wa Watumwa kina matatizo. Kinawasifu Waingereza kupita kiasi na kuwatwika Waarabu karibu lawama zote, na msomaji wa leo anaona ni nani aliyekuwa akitabasamu nyuma ya mwandishi. Hata hivyo, bila lugha ile iliyosanifiwa, simulizi ya watu waliofungwa minyororo ingebaki ya jioni za familia moja. James Mbotela aliichukua lugha ya shule ya misheni akaitumia kusema habari za wazee wake. Alichokifanya ni kinyume cha Hamdani: alipopata nguo za sultani, alirudi kwa paa.

Kwa hiyo swali halijawahi kuwa sanifu au Sheng. Swali ni kama aliyepanda juu anakumbuka aliyembeba. Steere alikumbuka nusu: aliwataja wasimulizi kwenye utangulizi, akaweka jina lake peke yake kwenye jalada. Kamati ikasahau zaidi. Shule zetu zimesahau kabisa, mpaka mtoto wa Kayole anakatazwa lugha aliyochekea kwa jina la lugha iliyotoka kwa mpishi.

Waandishi wa rika langu mara nyingi wananiuliza tuandike Kiswahili gani. Mimi nawaambia someni Swahili Tales. Sarufi yake imezeeka, tahajia yake inachekesha, na kasisi alikuja kubadilisha dini za watu, hilo tusilipake rangi. Lakini alikuwa na masikio. Alipokuwa hajui lugha, hakuanza kwa kusahihisha. Alikaa chini akauliza anayejua. Hicho ndicho kitu cha kuiba kutoka kwake.

Kwa sasa kuna mtu Dandora, Korogocho au Umoja anayesimulia vizuri kuliko sisi wote tunaoandika. Pengine anauza chai, pengine anachokora. Ukimwandika, andika maneno yake yalivyo, mlipe, na uweke jina lake mbele, si kwenye utangulizi.